Ua la mwisho la Zulhumor

Barno, shangazi kanifukuza! Kanifukuza, na harusi ni kesho!

Si unajua kitambaa cha bibi harusi hutarizwa kikaachwa ua moja halijaisha, ili maisha yake yasifike mwisho? Nilipokuwa nakipiga picha, Zulhumor, bibi harusi mwenyewe, akaninong'oneza, "Dada, lijaze. Nimechoka na furaha nusunusu."

Nikachukua sindano, nikalijaza.

Shangazi akapiga yowe: "Umemzika mwanangu! Si ungebaki na kamera yako tu? Sindano nani alikupa?"

Umemzika! Mimi!

Na Zulhumor? Anatazama zulia tu, Barno. Zulia!

Sasa eti nikapige magoti mbele ya wanawake wote, la sivyo nisikanyage harusini.

Zulhumor nampenda, nitalia kwa kumkosa. Lakini radhi siombi.