Neno la Mwisho la Sura ya Vurugu

KIKUNDI CHA WAFASIRI WA KIFARANSA, DODOMA

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, sebuleni kwa Mwenyekiti, Chimwaga.

WALIOHUDHURIA
Mwl. Respicius – Mwenyekiti
Bw. Ulimboka – Mjumbe
Bi. Nasma Hanifu – Katibu

WASIOHUDHURIA
Bi. Generosa – kwa taarifa (ana harusi)
Bw. Zablon – bila taarifa, na simu hapokei

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, alichelewa kufungua kikao akisubiri wajumbe ambao kila mtu alijua hawaji. Alisema kikundi kilipoanza viti havikutosha, watu wakakaa kwenye mkeka. Katibu aliomba tuingie kwenye ajenda kwa kuwa chai inapoa.

KUMB. NA. 2/10/2024: YATOKANAYO
Ilikumbushwa kwamba kamusi ndogo ya wakalimani, Kiingereza kwa Kifaransa, imekamilika isipokuwa sura ya maneno ya vurugu na mkanganyiko. Bw. Ulimboka, mtumishi wa serikali aliyehamia huku na ofisi yake kutoka Dar es Salaam, alisema sura hii iko mezani tangu mvua zilizopita, kila neno Mwenyekiti analirudisha, na mtu asiyejua angedhani kazi haitakiwi iishe. Mwenyekiti alijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Bw. Ulimboka alijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Katibu aliwaomba waache kutupiana methali, akasoma kanuni: neno halipitishwi mpaka mjumbe alitungie sentensi ya kweli, ya jambo lililomtokea mwenyewe, na wenzake waikubali. Kanuni hiyo aliitunga Mwenyekiti.

KUMB. NA. 3/10/2024: MANENO YALIYOPITISHWA
"Muddle", yaani mkanganyiko. Bw. Ulimboka alipendekeza "embrouillamini". Sentensi yake ilisema kwamba mwanawe aliyebaki Dar es Salaam akipokea simu yake humdhania kuwa ni baba mdogo, naye siku hizi hamsahihishi. Mwenyekiti aliuliza kama ni kweli. Bw. Ulimboka alisema, "Ni kweli, Mzee." Neno lilipitishwa.

"Shambles", yaani vurugu tupu. Katibu alipendekeza "pagaille". Sentensi yake ilihusu harusi ya mpwa wake huko Mpwapwa, ambako pilau iliungua, bwana harusi alipotea njia na shangazi wawili waligombea kipaza sauti. Katibu aliondoka mapema, na mpaka leo ndugu humshukuru kwa kukaa mpaka mwisho. Bw. Ulimboka alianza kucheka, akaacha. Neno lilipitishwa.

KUMB. NA. 4/10/2024: NENO "DISORDER"
Katibu alieleza kwamba limebaki hili moja, na kwamba "désordre", yaani fujo ya vitu kukaa ovyo, analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwenyekiti amekuwa akiliahirisha kwa maelezo kwamba linahitaji kutafakariwa. Katibu alisema tumetafakari vya kutosha, akaomba iandikwe hivyo, na ameiandika.

Bw. Ulimboka alijitolea kutunga sentensi. Mwenyekiti alimzuia. Alisema hajaliahirisha kwa ubishi. Sentensi anayo tangu mwanzo, ila alijua akishaisoma kamusi imeisha, na kamusi ikiisha hakuna mtu atakayepiga hodi hapa Jumamosi. Alisema anaziogopa hizo Jumamosi.

Kisha aliisoma. Kwa Kiswahili ni hivi: "Tangu Elieth afariki, nyumba hii haina désordre hata kidogo."

Akaeleza, nje ya sentensi, kwamba marehemu mkewe alikuwa akimenya karanga wakati wa taarifa ya habari na kumwachia maganda kwenye kiti. Miwani aliisahau bafuni, kanga alitundika kila mlango. Yeye aligomba miaka yote ya ndoa. Sasa kila kitu anakikuta palepale alipokiweka.

Aliuliza kama wajumbe wanaikubali sentensi. Katibu alisema, "Mwalimu, imekubalika." Neno lilipitishwa bila kupingwa, na kamusi ikawa imekamilika.

KUMB. NA. 5/10/2024: HATIMA YA KIKUNDI
Bw. Ulimboka alikuwa amekuja na hoja ya kukivunja kikundi mara kazi itakapoisha. Alipopewa nafasi alisema anaiondoa. Mwenyekiti aliirudisha yeye mwenyewe, akisema hataki watu wazima wapande bodaboda kuja kumhurumia.

Katibu alisema hakuna aliyemuuliza kama yeye Jumamosi ana pengine pa kwenda. Bw. Ulimboka alisema hata yeye hajaulizwa. Mwenyekiti aliwaangalia kama mtu aliyeambiwa habari mpya. Kura zilipigwa. Mwenyekiti aliunga mkono kikundi kivunjwe. Wajumbe wengine wawili walikataa. Hoja ilianguka.

Mwenyekiti aliuliza, sasa tutakuwa tunafanya nini. Ajenda haikupatikana. Ilikubaliwa kukutana Jumamosi ijayo vivyo hivyo.

KUMB. NA. 6/10/2024: KUFUNGA KIKAO
Bw. Ulimboka alikusanya vikombe ili akavioshe. Mwenyekiti alimwomba aviache vilivyo, popote kila mtu alipokiacha chake. Bw. Ulimboka alivirudisha kimoja kimoja: kimoja juu ya redio, kimoja dirishani, na cha Katibu sakafuni.

Kikao kilifungwa saa 12:05 jioni.

Respicius ............................ Mwenyekiti

Nasma Hanifu ............................ Katibu