Nimetetea Utafiti Uani, Baba Akiwa Pembeni

Jumamosi. Ukungu umelala hapa Myamba tangu asubuhi, nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Nimechoka. Si uchovu wa jembe, ule ukilala unaisha.

Leo nilikuwa natetea utafiti wangu wa shahada kwa njia ya mtandao. Ni hatua ya mwisho ya masomo ambayo nimeyafanya yote nikiwa hapa hapa: asubuhi nafundisha shule ya msingi, jioni namhudumia Baba, na katikati nasoma nikipata upenyo. Baba alipatwa na kiharusi nikiwa mwaka wa kwanza. Upande wa kushoto haufanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa shida. Mama hatunaye tena.

Mama Mbonea, jirani yetu, aliahidi kukaa naye. Asubuhi akapigiwa simu ya msiba Makanya, akashuka na gari la kwanza. Simlaumu. Lakini kwetu mtandao unashika vizuri uani tu, karibu na tangi la maji, na Baba siwezi kumwacha ndani peke yake. Basi nikamtoa na kiti chake, nikamfunika mablanketi mawili, nikaegesha simu juu ya ndoo niliyoipindua.

Wahadhiri walikuwa wawili. Nikaanza kueleza jinsi watoto wa darasa la kwanza wanaoongea Chasu, yaani Kipare chetu, nyumbani wanavyojifunza kusoma Kiswahili. Nilikuwa naenda vizuri. Mara nikamwona Baba anateleza kwenye kiti, taratibu, kichwa kikielekea chini.

Nitakuwa mkweli hapa. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma.

Kilikuwa hasira.

"Samahani," nikasema, "naomba nimkalishe baba yangu, ni mgonjwa."

Nikamshika kwapani, nikamwinua, nikamkalisha, nikamfuta mate. Niliporudi, simu ilikuwa imeganda. Nikakaa kwenye majani yaliyolowa nikijua basi, miaka yote hiyo imeishia juu ya ndoo. Nikaizima, nikaiwasha, nikajiunga tena. Walikuwepo.

"Tulikuwa tunakusubiri," akasema yule mhadhiri wa kike. "Hebu mgeuzie mzee simu nimsalimie. Shikamoo, mzee."

Baba aliitazama simu kwa muda.

"Marahaba," akasema. Neno halikutoka vizuri, lakini lilitoka.

Kisha maswali. Yule mwingine alitaka kujua ilikuwaje wazazi wakanieleza mambo ya nyumbani kwao kwa uwazi namna ile. Nikamjibu kwamba niliwauliza kwa Chasu, sokoni na kanisani, kwa sababu naishi nao. Akaandika kitu. Mwishoni wakaniambia nimefaulu, ila nina masahihisho sura ya tatu.

Nilidhani nitalia. Nikaenda kumbadilisha Baba nguo.

Mchana akapiga simu Elineema, ninayefundisha naye. Anataka kujiunga mwakani, akaniuliza kusoma mtandaoni kuna faida gani hasa. Nikamwambia zile anazozijua: hupangi chumba mjini, huachi kazi, na somo lisilokuingia unalisikiliza tena na tena mpaka likuingie. Nikamwambia pia kwamba bando linaisha katikati ya kipindi, na huna mwenzako wa kumgeukia ukamuuliza.

"Lakini inalipa?" akauliza.

Nikamwambia kama ningeenda kukaa chuoni Dar, labda ningekuwa nimemaliza kitambo, na Baba angekuwa anaogeshwa na watu wengine. Au angekuwa haogeshwi.

Sijui kama hilo ni jibu. Yeye alisema ni jibu.

Jioni nikimlisha uji, Baba akaniuliza kwa Chasu, neno moja moja, wale watu wa kwenye simu wako wapi.

"Dar es Salaam, Baba."

Akameza. Akafikiri.

"Na wewe uko hapa."

"Niko hapa."

Akafungua mdomo, nikampa kijiko kingine.

Vyombo sijaosha. Sura ya tatu itanisubiri hadi Jumatatu. Leo nalala mapema, na nikiamka nitakuwa mtu aliyefaulu. Nitalizoea taratibu.