Goti la Mama Nimpaye

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Vumbi tupu. Nimefika kambi ya wakimbizi mwekundu mpaka kope. Mgonjwa mpya: Dafroza, Mama Nimpaye. Alivunjika mguu, plasta imetolewa, goti limekaza kama mpini wa jembe. Nimempa karatasi ya picha: kunja, nyoosha. Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, daktari." Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, lakini nani atanisikiliza?

Binti yake Nimpaye anaolewa tarehe ishirini na nane. Ameweka nadhiri: siku hiyo atapiga magoti kwenye misa. Nikasema inawezekana. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 5 Agosti
Nimemfuata kwake. Karatasi yangu iko ukutani kando ya Bikira Maria, imezungushiwa maua ya plastiki. Mazoezi hajafanya hata moja. Karatasi ya hospitali haichezewi, anasema. Na kwao mgonjwa hafanyi kitu: majirani wanamchotea maji, kaka yake Ciza ameshasuka machela ya kumbebea kanisani. Machela nzuri kweli. Nilitaka kuipiga teke.

Halafu nikaona vidole vyake — rozari, haimtoki mkononi! Nikamwambia: kila Salamu Maria, kunja na kunyoosha. Kila Baba Yetu, pumzika. Akacheka mpaka akashika mbavu, akauliza kama Mungu atakubali. Nikasema dhambi nitabeba mimi.

Jumatano, 11 Agosti
Limekunjika! Karibu nusu. Nimerudi Ngara naimba ndani ya gari, dereva ananitazama tu.

Alhamisi, 12 Agosti
Naimba nini. Goti limevimba kama papai. Jana kasali rozari nzima, matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, yote — mara mia na hamsini! Kosa langu, sikumwambia aishie wapi. Ciza anakaza kamba za machela. Niliogopa, niseme ukweli.

Nikamwambia apumzike siku tatu, kisha makumi matatu tu ya rozari kwa siku. Akasema ndiyo. Nikakataa ndiyo yake. Nikataka anifundishe mimi, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akanikalisha kwenye kigoda, akanigombeza: unakunja haraka mno, mwanangu, unakimbilia wapi? Mwalimu mkali kunishinda. Nimefurahi sana.

Jumanne, 24 Agosti
Kapiga magoti. Juu ya gunia lililokunjwa, lakini kapiga! Nimpaye analia, mimi nalia. Tukamwinua, tukamshusha, tukamwinua tena, kama watoto wanaocheza.

Jumamosi, 28 Agosti
Nje ya kanisa. Bwana harusi kachelewa, basi naandika. Mama Nimpaye katembea mwenyewe kutoka kwake, na fimbo yake. Machela imefuata nyuma, Ciza na wenzake wamepakia masufuria ya harusi. Ciza kaniamkia kwa heshima leo.

Sasa hivi mama kaninong'oneza. Atakaa benchi la mbele na wakwe. Asiguswe na mtu, nadhiri ni nadhiri. Nikasema sawa. Ndipo nikakumbuka: kupiga magoti nimemfundisha. Kuinuka, siku zote tumemwinua sisi!

Nimemweleza mbio mbio: mguu mzima mbele, shika benchi, jisukume. Anifundishe na mimi basi. Hapana, kengele imelia, wanaingia, amenipa fimbo nimshikie.

"Ndiyo, daktari," kasema, huyoo anakwenda —