Tumbo la Fenesi

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya sita leo mjusi wangu Fenesi hajaenda choo. Minyoo ya asubuhi hakuigusa. Tumbo limevimba upande wa kulia, gumu, na chini ya ngozi yake ya manjano kuna kivuli cheusi. Mama naye alianzia upande huohuo. Jamani, nisianze.

Nimempigia Daktari Prasit, wa ng'ombe na mbwa. Akacheka mpaka akapaliwa. Mjusi? Dada, hao kwangu nawafukuza kwa fagio! Halafu akaona haya. Akasema nimwogeshe maji ya uvuguvugu, nimkande tumbo polepole. Nimefanya. Wapi!

Nilipokuwa nambadilishia karatasi za kwenye tangi lake la kioo, nilimwacha Fenesi atembee juu ya kabati, kama siku zote. Akaenda moja kwa moja kwenye kikasha cha shaba cha mifupa ya mama, ile tuliyookota baada ya kumchoma. Akakikumbatia. Kisha akafumba jicho la kushoto, hilo moja tu — vilevile mama alivyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Nimemrudisha mbio. Leo sijashona hata sare moja.

Jumanne, 4 Juni

Dada Lamduan kaja na wali wa kunata na uzi mweupe wa hekaluni, ule ulioombewa na watawa. Hata kuketi hajaketi: wee Wanni, umemfanya nini mama? Eti kamjia ndotoni, kasimama mlangoni, jasho linamtiririka. Kasema amebanwa. Pana giza, pana joto.

Dada anasema kikasha nilichonunua ni kidogo, ubahili wangu huo, tutafute kikubwa. Akazungusha uzi kwenye tangi la Fenesi, akauvuta mpaka kwenye kikasha, akaufunga. Nikamuuliza, na huyu anahusikaje? Akasema mama alimdekeza mdudu huyu kuliko alivyotudekeza sisi, wana lao hao.

Nilicheka. Alipoondoka sikucheka tena.

Jumatano, 5 Juni

Simu tisa. Mmoja anatibu sungura na ndege tu. Mwingine wa mijusi alihama. Mwingine kakata simu, kadhani namtania!

Hatimaye Chiang Mai, Daktari Nalin, mwanamke, sauti ya upole. Hakucheka. Aliuliza tumbo, kinyesi, chakula, mkia umekonda au la. Umekonda. Akasema mlete kesho, usingoje. Basi la saa moja asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni

Sikwenda.

Nilikuwa mlangoni, boksi mkononi, mguu mmoja nje. Mjusi kafiri wa juu ya mlango akalia. Dada, aliyekuja kunisindikiza, akanidaka mkono: rudi ndani! Nikarudi. Tangu utotoni ni hivyo, akilia unatoka, hutoki.

Niandike, maana hakuna atakayesoma. Februari tulimtoa mama kwa shuka, gari linangoja. Mjusi kafiri akalia. Mama mwenyewe alitaka twende, alisema maumivu yamemzidi. Mimi ndiye niliyesema tungoje kesho. Mimi, si Dada. Kesho ilipofika alikuwa wa baridi.

Na leo nimerudia! Mpumbavu we, Wanni. Jioni Fenesi katapika maji ya njano.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetoka. Mjusi kafiri kalia tena — mara mbili! Dada kapiga kelele nyuma yangu. Nikakaza mwendo wala sikugeuka. Njia nzima kutoka Phrae nilikuwa nachungulia boksi, yu hai au vipi.

Naandika nikiwa kwenye benchi hapa hospitali ya wanyama. Saa nane.

Eksirei imeonyesha vipande vyeupe vimesongamana tumboni, kama kumi hivi. Daktari Nalin akauliza, unamtandikia kokoto? Hapana, karatasi. Akatazama tena. Akasema anaona kama mifupa, itabidi ampasue leo. Akauliza nani anamnyunyizia minyoo yake unga wa kalsiamu. Mjusi akikosa kalsiamu mwilini, anasema, hula chochote cheupe.

Mama ndiye aliyekuwa akinyunyizia. Tangu Februari hakuna. Nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na unga.

Na hapo nikakumbuka Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, Aprili. Tuliiosha mifupa kwa maji ya maua, nikakiacha kikasha wazi pale kabatini ikauke. Siku ngapi? Tatu? Nne? Na kifuniko kile hakijawahi kukaa sawasawa.

Nikampigia Dada: fungua kikasha. Akaenda kabatini. Aliporudi alinong'ona, kana kwamba kuna mtu chumbani: Wanni, imebaki nusu. Kisha akalia. Wasimguse! Wakimpasua huyo wamempasua mama. Nakuja, ningoje.

Kutoka kwetu ni mwendo wa saa nne kwa basi. Daktari anasema mwisho saa tisa, baada ya hapo hana la kufanya. Nimemwambia kila kitu. Hakushangaa, au amejizuia. Akamwambia nesi alete bakuli safi la chuma na kitambaa cheupe, asitupe hata kipande.

Mama, naogopa. Sijui namwokoa nani.

Nimechungulia boksi. Fenesi ananitazama. Jicho la kushoto limefumba.

Sasa hivi juu ya mlango wa chumba cha upasuaji mjusi kafiri amelia. Nesi hata kichwa hakuinua. Simu inatetema mfukoni, ni Dada, atasema ngoja. Fomu ya kuruhusu upasuaji iko gotini, bado tupu. Kalamu hii ni ya nesi, kasimama anaisubiri.

Kungoja nilishangoja, Mama. Acha niache kuandika nitie sahihi —