Alama Iliyo Chini ya Ngozi

Kwako Dada Wawira,

Nakusalimu kutoka huku Uingereza, kwenye baridi isiyojua kwamba huu ni mwezi wa Juni. Mimi mzima, isipokuwa vidole vinavyopasuka kwa dawa ya kuoshea sakafu. Wewe na watoto mko aje? Mguu wa Mama umepona, au bado anaukokota mpaka shambani akijidai hauumi? Na mvua je? Mtama umeshika, au mnaangalia tu mawingu yakipita juu ya Kiritiri kwenda kunyesha Embu?

Barua yako niliipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwamba Bosi, mbwa niliyemlea kwa maziwa ya chupa, alipotea siku ya soko, na wiki tatu baadaye Mama akamkuta amefungwa nyuma ya bucha ya Njiru, sikio la kulia limekatwa mapengo mawili, alama ile ile ya mbuzi wa Njiru. Kwamba Mama alipokwenda kwa chifu, Njiru alisimama mbele ya baraza akasema, "Hii mbwa ni yangu. Si muangalie maskio? Huyu mama alama yake iko wapi?"

Na wazee wakaangalia sikio! Tangu lini mtu wa kwetu akakata mbwa sikio? Alama ni za mbuzi na ng'ombe. Lakini wamezoea kwamba mwenye alama ndiye mwenye mali, wakasahau kumwangalia mbwa mwenyewe akivuta kamba kumfuata Mama. Kisha Mama akaambiwa amemsingizia mtu, akatozwa mbuzi wa kuomba msamaha, na Njiru akamchinja mbuzi huyo palepale kwa kisu chake. Dada, nina hasira, sikufichi. Kuibiwa mbwa ningevumilia. Lakini Mama kuitwa mwongo mbele ya watu, mpaka sasa anakaa benchi la nyuma kanisani, hilo sitalimeza.

Sasa sikiliza. Unajua nafagia kwenye hospitali ya wanyama. Ndiyo, iko, cheka umalize. Huku mbwa hupigwa sindano shingoni, na sindano hiyo huacha chini ya ngozi kitu kidogo kama punje ya mchele. Wanakiita chipu. Ndani yake mna namba, na namba hiyo imeandikwa mahali pamoja na jina la mwenye mbwa. Mbwa akipotea akaokotwa, daktari hupitisha kimashine shingoni, namba inatokea, mwenyewe anapigiwa simu. Kwa nje huoni chochote.

Juzi bwana mmoja mwenye tai alileta mbwa mweupe achanjwe. Alisema amemlea tangu akiwa mdogo. Daktari akapitisha mashine, ikalia. Alipoitafuta namba, jina lililotokea lilikuwa la mama mmoja wa mtaa mwingine, ambaye alikuwa amemtafuta mbwa huyo mpaka akakata tamaa. Mimi nimeshika ufagio, namwona yule bwana akilegeza tai yake. Nilimwona Njiru ndani yake. Nilifurahi mpaka daktari akaniuliza kama namfahamu yule mtu.

Kwa Bosi tumechelewa. Namba huandikwa pamoja na tarehe, na Njiru atasema tumemtia chipu jana. Ila uliniandikia kwamba Mama amepewa mtoto wa mbwa. Basi kuna daktari wa mifugo anaitwa Ireri, mtu wa Runyenjes, alikuja huku kwa kozi na mwezi ujao anarudi. Atafika kwako na sindano. Amtie chipu mtoto huyo, aandike namba na tarehe kwenye karatasi, na pasta aifunge kwenye bahasha aiweke. Mama asiambiwe, maana hajui kuficha uso. Mimi nakuja Desemba na mashine. Hapa kazini wamekubali kuniazima ile ya zamani.

Halafu msimfunge huyo mtoto wa mbwa. Aende sokoni, anuse mifupa. Njiru atamchukua, na atamkata sikio, kwa sababu mara ya kwanza kisu kilimpa ushindi. Namhurumia mnyama. Nimeliwaza jambo hilo siku mbili nzima, na bado nalitaka. Nataka Njiru aape kwanza, mbele ya chifu na wazee wale wale, akiwa ameshika hilo sikio kwa mkono wake. Ndipo pasta afungue bahasha, nami nipitishe mashine shingoni. Simwombi mbuzi. Bosi arudi nyumbani, na Njiru aseme kwa mdomo wake, watu wote wakisikia, kwamba Mama alisema kweli mara zote mbili.

Nisalimie mume wako mwalimu, na mjomba wetu wa mizinga, umwambie asali ya huku ni sukari tupu. Shangazi anayeuza ndengu mwambie sijamsahau. Mama mshike mkono kwa niaba yangu.

Na Ireri akishamaliza kazi, si kabla, pita buchani ununue nusu kilo, umpe Njiru salamu zangu za heshima. Mwambie nasikia anatunza mbwa vizuri sana. Mwambie pia kwamba Mama amepata mwingine, mzuri kuliko Bosi, na hatujamkata sikio.

Ni mimi mdogo wako,
Nyaga