Nadhiri Niliyoiweka kwa Niaba ya Ilunga

Juzi nilinyamaza kwenye simu ulipouliza, "Unasali, mwanangu?" Mume wangu alikuwa pembeni, Baba, na jibu langu sikuweza kulitoa mbele yake. Sasa ameenda mazoezi ya kwaya, nami nimeshika kalamu. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakohoa akikausha samaki kwa moshi? Kwetu Pweto naona ni mbali sana leo.

Sisi hapa mtaani Hewa Bora tu wazima. Nina furaha mpaka naona aibu! Miezi mitatu ya ndoa, na Ilunga bado ananipigia pasi kikwembe changu, kile kitenge cha Jumapili. Nikisikia viatu vyake uani, moyo unaruka kama nilipokuwa shuleni. Furaha hiyo ndiyo inayonitisha. Sikujua kwamba mtu akipenda hivi, anaogopa hivi.

Ulisikia kwamba lifti ya mgodi anamofanya kazi Ilunga ilikwama. Mengine sikukuambia. Ilikwama asubuhi, wanaume tisa wakabaki chini, na Ilunga alikuwa mmoja wao. Sisi wake na mama zao tulikusanyika getini, hakuna aliyetuambia kitu. Mama Ntumba, jirani yetu wa kutoka Kasai, alikuwa na mwanawe chini. Aliomba kwa sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilishika rozari, neno halitoki.

"Bibi arusi, piga kelele!" akaniambia. "Mungu iko na bantu bengi ba kusikiliza leo."

"Acha mutoto wa bantu," mama mmoja mzee akamjibu. "Mungu haiko kiziwi. Ni weye njo utatuziba masikio na kelele."

Tulicheka, Baba, pale pale getini.

Kisha nikaomba vile ambavyo hukunifundisha. Sikusema "mapenzi yako yatimizwe", kwa sababu niliyaogopa mapenzi yake. Niliweka nadhiri: Bwana, ukinirudishia Ilunga, hatashuka tena mgodini maisha yake yote. Saa tisa alasiri lifti ikapanda. Alitoka amejaa vumbi, akanitazama, akaulizia ugali: "Mupenzi, bukari iko tayari?"

Kesho yake, tukila, nikamweleza nadhiri yangu. Tonge likabaki mkononi mwake.

"Uliahidi Mungu kazi yangu bila kuniuliza? Weye unashukaka kule? Mbona haukuahidi bikwembe byako?"

Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu. Lifti inatengenezwa, na tarehe moja ya mwezi ujao wanamtaka kazini. Kila nikipiga magoti, nahisi kama mtu anayembembeleza hakimu. Akishuka, nitakuwa nimemdanganya Mungu, na mwenye kulipa atakuwa yeye. Nilifunga na kusali. Nilikwenda kwenye kikundi cha maombi cha Mama Ntumba, wakaniambia imani yangu ni ndogo. Nikazidi kuogopa.

Jana, baada ya misa, nilikukumbuka wewe na kazi yako ya ukatekista. Ukienda kwa mgonjwa, hata kama kidonda kinaonekana, unamuuliza kwanza: "Nikuombee nini?" Mimi sikuwahi kumuuliza Ilunga. Basi nikamuuliza mezani. Alisukuma sahani pembeni. Halafu akanyoosha mkono, akaanza kuomba mwenyewe.

"Bwana, niko naogopa lifti ile. Sikutaka bibi yangu huyu ajue. Unisaidie."

Ni hayo tu. Wiki tatu nimeomba juu yake, kumbe sikuwahi kuomba pamoja naye. Nikaushika mkono ule, nikasema amina, na kwa mara ya kwanza tangu getini sikuongeza sharti.

Hofu haijaondoka, Baba. Kazi nyingine hajapata, na nadhiri yangu bado iko mbele ya Mungu. Niliisema peke yangu. Nataka tuirudishe kwake tukiwa wawili, nawe ukiwa shahidi. Ilunga amekubali.

Msalimie Mama. Msalimie mkubwa wangu Yaya Kalenga na mitumba yake ya sokoni, na kambo, babu yetu anayetuimbia wote hata asipoombwa. Mwambie nimeolewa na mwimbaji mwenzake.

Kabla mwezi huu haujaisha mtatuona mlangoni, kabla lifti ile haijamwita. Usituambie kwamba hakuna cha kuogopa. Tukalishe tu, utuulize lile swali lako, uanze na Ilunga.

Binti yako akupendaye,
Mwadi