Mariamo wa Quiterajo Hakurudi

Palma

Kaka yangu mpendwa Chamsudine,

Assalamu alaikum. Nakusalimu wewe, wifi na watoto wote hapo Mtwara, na naomba mgongo wako uwe umepata nafuu. Sisi huku ni wazima. Mihogo imekubali mwaka huu, paa ulilokuwa ukiliulizia limeshaezekwa, na mama mkwe wangu, Bi Atija, anakula vizuri ingawa miguu bado inamsumbua. Kwa upande wa mwili namshukuru Mungu. Kichwa changu ndicho sikielewi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Suzete, anayekuja huko kununua vitenge. Najua utacheka na kuuliza kama simu zimekwisha Palma. Hazijaisha. Lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi, nikifungua mdomo tu unanimalizia maneno, na hili nataka nilimalize mwenyewe.

Kaka, sehemu ya pili imetoka. Unajua ninayoisema: ile filamu ya chombo cha angani uliyokuwa ukitutafsiria kwa kipaza sauti pale kwenye banda lako la video, kabla ya vita. Sauti ya wenyewe uliizima, ukatupa yako. Yule nahodha mwanamke ukamwita Mariamo wa Quiterajo, kama mtu wa pwani yetu hii. Roboti yake ukaiita Shemeji, kwa kumchokoza mume wangu Tuaibo. Na ile nyota kavu waliyotua ukasema ni kama kisiwa cha Macaloe tu, maji ya kunywa mpaka uyabebe kutoka kwenu. Tuaibo ndiye aliyeyachonga mabenchi ya banda lile, na kila ulipoionyesha alikaa la mbele, akiyasema maneno pamoja na wewe. Kisha ule mwisho! Mariamo amesimama mlangoni mwa chombo, kofia ya kioo imemfunika uso, anawaambia ndugu zake: nikichelewa msinisomee hitima, nipo njiani. Banda zima lilikuwa likilia. Wanaume walisingizia moshi wa jenereta.

Unajua pia ya mwaka ule wa kukimbia. Tulipofika kwenye mikorosho, Tuaibo aligeuka kumfuata mama yake, ambaye hakuweza kutembea. Kumbe majirani walikuwa wameshamtoa Bi Atija kwa njia nyingine. Yeye tukampata salama, mwanawe hatujamwona mpaka leo. Niliwaambia watu wote kwamba aliniachia maneno ya Mariamo, na wewe nilikwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo kila Bi Atija alipotaka tumsomee Tuaibo hitima, na mimi nikae eda kama mjane, nilikataa. Mara ya mwisho nilimjibu tusubiri kwanza sehemu ya pili. Alidhani nafanya mzaha. Na mimi nilijisingizia kuwa ni mzaha.

Basi ikaja. Fundi simu Amido aliipata, akaitupa ukutani kwa projekta, na maandishi ya Kireno yakipita chini. Nilikwenda na rafiki yangu Inês, mwalimu kutoka bara, ambaye Kireno anakisoma kama anakunywa maji. Nilivaa kitenge kipya, kaka, kama naenda harusini.

Sijui nikueleze nini. Milipuko, milipuko, halafu milipuko. Mariamo amekuwa jenerali, amenyoa nywele, anapigana na mashine ambazo hata huambiwi zimetoka wapi. Shemeji anavunjika mwanzoni kabisa na hakuna anayemlilia. Wanaleta roboti nyingine ya kung'aa, yenye maneno mengi na utani usiochekesha. Nilingoja Mariamo amtaje hata mtu mmoja wa nyumbani. Hakumtaja. Mwishoni anapanda chombo kingine, anakwenda mbali zaidi, akitabasamu! Watu wakamfokea Amido kana kwamba ameitengeneza yeye, na wengine wakadai kwamba amepewa ya bandia.

Ila lililonivuruga lilitokea katikati. Mariamo anakumbuka siku aliyoondoka, na wakaonyesha tena pale pale mlangoni. Nikamwomba Inês anisomee. Akasema nahodha anawaambia watu wake: fungeni mlango, hatuna muda. Nikamwambia amekosea. Amido akarudisha nyuma, Inês akasoma tena, mlango ule ule. Kesho yake tukaitafuta na ile ya kwanza, yenye maandishi. Ndivyo hivyo, kaka. Kufunga mlango tu.

Niliwakasirikia walioitengeneza. Halafu nikakukasirikia wewe, sana. Halafu nikiwa jikoni napara samaki nikacheka peke yangu mpaka Bi Atija akaita kuuliza nina nini, maana niliwaona wanaume wa Palma wakifuta machozi kwa ajili ya mlango. Nilipomaliza kucheka nikalia. Mpaka leo sijui ni nani aliyenidanganya, wala kama nilidanganywa. Maneno yako yalikuwa mazuri kuliko yao. Sasa yalikuwa ya nani?

Nakuandikia kwa sababu kuna neno ambalo sijamwambia mtu. Tuaibo hakuyasema yale maneno. Pale kwenye mikorosho alinishika mkono, akasema: nikichelewa. Basi. Milio ikaanza tena, watu wakatusukuma, na nilipotazama alikuwa ameshageuka. Yaliyobaki niliyajaza mimi, njiani, nikikimbia, kwa sauti yako ya kipaza sauti. Niliyarudia mpaka nikawa nayasikia kwa sauti yake. Kama maneno yale hayakuwa hata ya Mariamo, basi sijui mume wangu alitaka kusema nini. Labda nikichelewa tangulieni. Labda nikichelewa olewa. Labda alitaka kuniambia ufunguo wa sanduku la randa zake uko wapi.

Bi Atija ameniomba tena. Safari hii hakugomba. Alisema anataka kumsomea mwanawe hitima wakati bado anaweza kukaa mkekani mwenyewe. Nimemwahidi jibu Suzete atakaporejea.

Wewe ulimjua Tuaibo kabla yangu, na maisha yako yote umewamalizia watu maneno. Nimalizie hili moja. Nikichelewa, nini? Na kama hujui, kaka yangu, nakuomba usibuni. Niandikie tu kwamba hujui, nami nitatandika mkeka.

Bi Atija anakusalimu na anasema wifi asisahau kumletea ubani wa huko. Inês anakusalimu pia, ingawa hamjuani; anasema angependa kuisikia ile yako. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Zubeida